Kadi Isiyo na Karatasi

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja anayefanyia kazi kwenye kibanda kando ya soko. Alipogusisha ncha ya chuma chake cha moto kwenye uzi wa bati, moshi mwembamba ulipanda, na harufu yake ikanipata pale niliposimama: utomvu wa mti unaoungua, na nyuma yake kitu kichungu cha chuma. Fundi aliniuliza kama simu ina shida ya chaji au ya sauti. Nikamjibu ndiyo. Akauliza tena. Sikuwa naye. Nilikuwa Butembo, katika chumba kilichopakana na mashine ya kusaga muhogo, nina miaka tisa, na baba yangu ameinamia kibao cha kijani huku amezuia pumzi.

Sisi hatukuwa watu wa Butembo. Baba alizaliwa Kisangani, akawa fundi wa simu wa serikali, na kabla ya vita aliletwa huku kuangalia nyaya na mitambo ya posta. Vita vilipofika nyaya zilikatwa, mitambo ikabebwa, na baba akabaki fundi wa simu katika mji usio na simu. Hata hivyo kila asubuhi alivaa shati lake la mifuko miwili, akashuka kwenda kukaa ofisini penye meza moja na kiti kimoja, akarudi saa sita. Tulikaa mtaa wa Vulamba, katika nyumba ya vyumba viwili, na asubuhi ukungu uliingia mpaka mlangoni, ukabaki hapo kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mama alikuwa ameondoka kwenda Kisangani kumzika mama yake. Alisema atakaa majuma matatu. Alipokuwa huko, waasi waliokuwa kitu kimoja wakagawanyika. Wale wa kule wakawa na wakubwa wao, hawa wa kwetu wakawa na wao, na barabara iliyokuwa katikati ikafungwa. Watu wazima walilieleza jambo hilo kwa maneno mengi. Mimi nilielewa tu kwamba majuma matatu yalipita, kisha yakapita mengine, na baba akaacha kuyataja.

Mwanzoni tuliweza kupata habari zake kwa foni ya kanisa. Foni ilikuwa redio kubwa yenye maikrofoni, na kwayo makanisa ya mbali yalipashana habari za wagonjwa na misiba. Baba aliongea na mama mara mbili, na mara zote mbili mimi nilikuwa shuleni. Kisha askari wakaja wakaichukua. Walisema redio ni masikio ya adui. Tangu siku hiyo mama akanyamaza, na kwa kuwa nilikuwa mtoto sikumlaumu askari. Nilimlaumu mama. Nilijiambia kwamba mtu akitaka kweli kusema na mtoto wake, atatafuta njia.

Shuleni tulisoma Kifaransa na Kiswahili, lakini kengele ya mapumziko ilipolia wasichana wote waliingia katika Kinande kama watu wanaoingia nyumbani kwao na kufunga mlango. Hawakunitendea vibaya. Walinipa nafasi kwenye benchi, walinigawia viazi. Wakicheka, mmoja wao aligeuka akanitafsiria neno moja, nami nikacheka nyuma yao, peke yangu.

Kisha mashine nyingine, ndogo, iliingia maishani mwetu kwa njia ya kawaida kabisa. Mwalimu mgeni aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule ya kanisa alikimbia vita siku ya Jumapili akiwa na mfuko mmoja tu, akaacha vitabu, baiskeli na ordinatere yake, kompyuta ya nyumbani. Ilikuwa ya zamani hata siku zile: sanduku pana lenye rangi ya chai ya maziwa, herufi zake zimeungana na mwili wake, nayo ilionyesha maandishi kwenye televisheni ndogo ya rangi mbili. Wazee wa kanisa waliiweka katika stoo kando ya mashine ya kusaga, maana ni pale tu palipokuwa na jenereta. Baba aliomba ruhusa ya kuijaribu. Mchungaji alikubali mara moja. Nadhani alimwonea huruma.

Basi kila siku baada ya chakula cha mchana tulikwenda huko. Mama Masika, aliyesimamia mashine ya kusaga, alivuta kamba ya jenereta, jengo zima likatetemeka, na kupitia mwanya wa ukuta unga wa muhogo ukaja polepole ukatua juu ya herufi, juu ya nywele za baba, juu ya magoti yangu. Harufu chachu ya muhogo uliolowekwa ilikaa kwenye nguo zetu mpaka Jumapili. Baba alipuliza herufi moja moja kabla ya kuzigusa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu mama aondoke hata hayo machache yalipungua, lakini mbele ya mashine ile aliongea. Alinionyesha jinsi kifuniko kinavyofunguka kwa kukivuta juu, na ndani yake zile nafasi nane nyembamba zilizopangwa kama vitanda hospitalini. Kila nafasi, alisema, inangoja kadi yake. Kadi moja inaifundisha mashine kuchapa, nyingine kuimba, nyingine kusema na mashine ya mbali. Nafasi saba zilikuwa tupu.

Nilimwuliza kama iko kadi ya kusema na Kisangani. Siku chache baadaye aliniambia nivae viatu, tunakwenda Beni.

Mtu aliyekuwa mlinzi wa nyumba ya mnunuzi mmoja wa kahawa, aliyekwisha kuhama, alikuwa amemtumia baba habari kwamba humo kuna katoni ya vipande vya ordinatere. Baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Tulipanda lori, mimi nimebanwa kati ya magunia na vikapu vya samaki wakavu wa Kyavinyonge, na kila tulivyoshuka hewa ikawa ya moto zaidi, mpaka nikavua sweta yangu. Katika katoni ile kulikuwa na nyaya, vumbi na mavi ya panya. Chini kabisa kulikuwa na kadi moja iliyofungwa katika gazeti. Baba aliigeuza mbele ya dirisha kwa muda mrefu. Ilikuwa kibao cha kijani chenye wadudu weusi wa miguu ya chuma, na pembeni safu ya pini za kuchomekea waya. Hapakuwa na kitabu wala jina juu yake.

Mlinzi aliuliza kama ndiyo yenyewe. Baba akasema, «Carte iko muzuri, mais haina papiers.»

Hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo kurudi: kadi nzuri, ila haina karatasi. Kwa baba, karatasi zilikuwa maelezo ya mtengenezaji, yale yanayokwambia kadi ni ya nini na inaamkaje. Mimi nilijua karatasi za aina moja tu. Nilikuwa nimewaona watu wakishushwa kwenye bariera za askari barabarani kwa sababu hawana carte, yaani kitambulisho, au carte yao haina mhuri unaotakiwa, na mmoja wao, mwalimu wetu wa kuimba, hakurudi kwa siku tisa. Kwa hiyo lori liliposimama kwenye bariera ya kwanza na askari akaanza kuita karatasi, nilichomoa kile kifurushi cha gazeti kutoka mfukoni mwa koti la baba lililokuwa miguuni petu, nikakiweka chini yangu, nikakikalia. Nilikaa kwa uzito wangu wote. Askari alisoma karatasi za baba, akaniangalia, akauliza kwa Kilingala kama mimi ni mwanawe. Baba akasema ndiyo. Wakati lori linaondoka nilisikia chini yangu kitu kidogo kikilia, ka, kama mguu wa panzi ukivunjika.

Nilikirudisha kifurushi mfukoni.

Baba alijenga tumaini lake juu ya zile pini za pembeni. Alinielezea akiwa ameshika kadi kwenye mwanga: «Unaona hapa? Hapa njo waya inaingia. Kitu yenye iko na waya ya kutoka inje, iko kwa kusema na batu ba mbali.» Alikuwa na mpango kamili. Kanisa la Beni lilikuwa limeficha foni yake moja. Kama kadi ni ya kusema, ataiunganisha na foni ile, na mashine itatuma barua kwa mlio ambao askari akiusikia atadhani ni kelele ya mvua. Huko Kisangani mtu ataipokea. Nilimwona akihesabu kwa vidole watu anaowafahamu kule wenye mashine ya kuweza kuipokea. Walikuwa wawili.

Tulipoichomeka mara ya kwanza, televisheni ilijaa alama za ovyo na mashine ikaganda. Tukajaribu nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Katika ya nne haikuganda, lakini ilitoa takataka tu, namba zinazorukaruka bila maana. Baba aliandika programu fupi ambayo ilikuwa kama mtu anayebisha hodi: unaipa namba ya mlango, nayo inakujibu namba iliyoikuta ndani. Milango yenyewe ilikuwa na namba ndefu zinazoanza na arobaini na tisa elfu. Yeye alibisha, mimi niliandika jibu katika daftari la mistari. Juma la kwanza hakuna kilichoeleweka. Juma la pili alichukua kioo cha kukuzia, akapita juu ya kadi akitumia sindano ya mama, mguu kwa mguu, mpaka akasimama.

Mguu mmoja wa mdudu mweusi ulikuwa umekatika.

Alisema labda ni panya, labda ni safari. Mimi niliangalia unga uliokuwa ukishuka. Alikata uzi mwembamba kutoka redio iliyokufa, akapasha chuma kwenye jiko la makaa, akaunga mguu ule na uzi ule. Ndipo harufu ile ya bati na utomvu ilipoingia ndani yangu na kukaa. Nilijua mimi ndiye niliyeivunja. Nilijua pia kwamba nikisema, atanyamaza kama mama alivyonyamaza, nami nitabaki na nani?

Baada ya kuungwa, kadi ilitulia. Namba hazikuruka tena. Baba aligundua kwamba ukiipa kadi namba, sifuri au moja au mbili, inakupa jibu dogo, daima chini ya kumi. Alifurahi sana. Aliniambia hizi ni herufi, ni maneno, tukiandika ya kutosha tutajua lugha yake. Akanifundisha kuendesha programu mwenyewe, maana Mama Masika alikuwa amemwita: mkaba, ule mkanda wa mashine ya kusaga, ulikuwa umekatika, na wanawake walikuwa wamepanga foleni na mabeseni yao mpaka barabarani.

Nilibaki peke yangu na mashine. Niliipa sifuri. Ikajibu tatu. Niliandika tatu. Nikaipa sifuri tena, ikajibu sita. Tena, ikajibu nane. Nilikuwa nimechoka, kidole changu kikawa kinarudia tu bila kufikiri, na ndipo nilipoona kwamba majibu yanakwenda mbele tu, moja baada ya jingine, mpaka tisa, kisha sifuri, na hayakosei. Nikaipa moja. Ilijibu mbili, ikajibu mbili kwa muda, halafu tatu. Kila ile ya kwanza ilipomaliza tisa, hii ya pili ilipanda hatua. Ilifika tano. Nilingoja ifike sita. Haikufika. Ilirudi sifuri, na niliporudia, ikarudi sifuri tena.

Darasani tulikuwa na saa ya katoni yenye mishale ya bati, na mwalimu alikuwa ametuimbisha sekunde sitini mpaka tukazichukia. Nilielewa mara moja. Kadi ile haikuwa na neno hata moja la kumwambia mtu. Ilikuwa saa. Ilikuwa ikihesabu peke yake ndani ya sanduku, na isingefanya kitu kingine zaidi ya hicho.

Lakini sikufikiri kwamba baba alikuwa amekosea. Nilifikiri hivi: kadi ilitoka Beni ikiwa kadi ya kusema. Niliikalia, mguu ukavunjika, baba akaunga kadiri alivyoweza, na kitu kilichobaki ndani yake baada ya kuvunjika ni saa, kama vile mtu aliyepigwa kichwani anavyobaki akijua tu kuhesabu. Mimi ndiye niliyekata njia ya mama.

Baba aliporudi, mikono yake ikiwa myeusi kwa grisi, aliomba daftari. Nilikuwa nimechana ukurasa ule. Katika ukurasa mpya nilikuwa nimeandika namba za kichwani mwangu, zilizochanganywa vizuri. Akazisoma, akasema kazi nzuri, maman. Ndivyo alivyoniita, mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, na siku ile jina hilo lilinichoma.

Nilidanganya kwa majuma matatu. Kila siku nilijipa kazi ya kuandika. Nilimwambia nimeshajua kubisha na kuandika peke yangu, yeye apumzishe macho, na kweli macho yalikuwa yakimuuma kwa ule mwanga wa televisheni. Alikaa kwenye gunia karibu na mlango akiwa na kurasa zangu za jana, akichora mistari kati ya namba, akitafuta. Nilijifunza kwamba uongo unachosha mkono. Mara nyingine vidole viliandika saba, saba, saba kabla sijavizuia. Nilijifunza pia upweke wa aina nyingine, ule wa kukaa hatua mbili kutoka kwa mtu pekee uliye naye duniani, huku unamwona akitembea kwenye giza ulilomwekea wewe.

Siku moja akaja na uso mpya. Alikuwa ameona utaratibu katika namba. Zile saba, alisema, zinarudi kila baada ya mwendo fulani. Hiyo ni salamu, ni jinsi mashine inavyoita mwenzake. Alimweleza mchungaji, nami nilikuwa pale, nikitazama vidole vya miguu yangu. Alisema sasa anahitaji kuiona foni ya Beni, apime waya zake, aje atengeneze kiungo. Mchungaji alisema barabara ya Beni si nzuri siku hizi. Malori mawili yalikuwa yamepigwa risasi juma lile, na katika mojawapo alikufa mwanamke aliyekuwa akisali kwetu. Baba alisema atakwenda na kurudi upesi.

Asubuhi ya safari alivaa shati lake la mifuko miwili. Alikuwa amefunga kadi katika kitambaa, amenipikia uji, amenielekeza nikakae kwa Mama Masika. Ukungu ulikuwa mzito, tulisikia lori likinguruma barabarani bila kuliona. Alipokwisha kufunga viatu nilishika mkono wa koti lake.

«Papa, hapana kwenda.»

Alidhani ni woga. Aliniambia atarudi kesho kutwa.

«Namba ni za bongo, za uongo. Mi njo niliandika. Carte haiko ya kusema. Iko saa.»

Akaketi. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu siku mkaba ulipokatika. Akauliza kama ninajua maana ya kitu ninachokisema. Nikampa ule ukurasa niliochana, ambao nilikuwa nimeuficha ndani ya kiatu cha mama. Aliusoma kutoka juu mpaka chini, midomo yake ikitembea: saba, nane, tisa, sifuri. Huko nje dereva alipiga honi. Akapiga tena. Kisha lori likaondoka na sauti yake ikamezwa na ukungu.

Ningependa kusema kwamba nilimwokoa. Nimelitafuta jambo hilo mara nyingi, lakini ukweli ni kwamba lori lile lilifika Beni salama na kurudi salama, na abiria wake wakaleta ndizi.

Baba hakunipiga. Hakunisemesha pia. Siku tatu alikwenda posta, akarudi, akapika, akala akiangalia ukuta, na mchana hakwenda kwenye mashine. Nilisikia jenereta ikiwaka kule juu bila sisi. Sijawahi kuona nyumba ndogo hivyo ikiwa na nafasi kubwa hivyo ndani yake. Siku ya nne sikuweza tena. Alikuwa akiosha sahani uani. Nilisimama nyuma yake nikamwambia lile lililobaki, kwamba niliikalia kwenye bariera ili askari wasiikamate kwa kukosa papiers, kwamba nilisikia ikivunjika, na kwamba ndiyo sababu ikawa saa.

Aliiacha sahani ndani ya maji. Mabega yake yalianza kutikisika na nikadhani analia, nikaogopa. Alipogeuka niliona anacheka na pia analia, na hakujaribu kuficha lolote kati ya hayo mawili. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

«Maman, muguu ilivunjika, nikaiunga. Mais muguu kuvunjika haigeuzake redio kuwa saa. Ilizaliwa saa.»

Nilimwuliza kama hata yeye alijua. Alifuta mikono yake kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole.

«Niliona nafasi ya pile kule Beni, siku ya kwanza. Niliona. Nikakataa kuona.»

Hatukuongea tena juu ya kosa la nani. Mchana ule tulipanda pamoja kwenda kwenye mashine. Aliunganisha kwenye ile nafasi ya pile betri mbili za tochi, ili iendelee kuhesabu hata jenereta ikizimwa, na mimi ndiye niliyeshika uzi wa bati, naye akaushika mkono wangu usitetemeke. Tuliazima saa ya mkononi ya Mama Masika kuirekebisha. Kesho yake, Mama Masika alipovuta kamba na televisheni ikaamka, saa ya kadi ilikuwa imetembea usiku kucha bila mtu, na haikukosea hata dakika moja. Yeye mwenyewe alitoka kuangalia, vumbi la unga kwenye kope zake. Akachukua saa yake ya mkononi, akailinganisha, akaitikisa. Tangu siku hiyo hakuamini tena ya mkononi.

«Mutoto wa Kisangani,» aliita kila mchana kupitia mwanya wa ukuta, «ni saa ngapi?»

Nami nilimsomea. Wanawake wa foleni wakaanza kuuliza pia, na kwa kuwa wengi waliuliza kwa Kinande, nikajifunza kujibu kwa Kinande, kwanza namba, baadaye mengine. Baba alianza kuandikia kanisa orodha za wagonjwa na zamu za mashine kwenye ile ordinatere. Haikuwa furaha. Ilikuwa tu kwamba mtu fulani alikuwa akiniuliza kitu kila siku, na mimi nilikuwa na jibu.

Mama alirudi msimu wa mvua wa pili tangu aondoke. Wakubwa wa huku na wa kule walikuwa wamepatana kwa muda, ndege ya mizigo ikatoka Kisangani ikashuka Beni, naye alikuwa amekaa ndani yake juu ya magunia. Hakukuwa na njia ya kutuarifu. Alifika nyumbani Vulamba akakuta mlango umefungwa, jirani akamwelekeza kwenye mashine ya kusaga. Baba alikuwa ametoka kutafuta mafuta ya jenereta. Nilisikia hatua, nikadhani ni mteja, na bila kugeuka nikataja saa.

Akasema, «Solange.»

Alikuwa amekonda, na amekuwa mfupi, au mimi nilikuwa nimekuwa mrefu. Sikumkimbilia. Nilisimama nikampa mkono kwa heshima, kama nilivyowasalimia mama wote wa kanisani, naye akaupokea mkono ule akaushika, akakaa kwenye gunia bila kuuachia. Tulitazamana kama watu wanaongoja mtu wa tatu awajulishe. Mwishowe nikamwuliza lile lililokuwa moyoni mwangu miezi yote ile, kwa nini hakusema nasi.

Alinishangaa. Aliniambia kwamba kila Alhamisi alikwenda kwenye foni ya kanisa la Kisangani. Mwenye foni alimweleza kwamba Butembo haijibu, imekufa. Alhamisi iliyofuata alirudi. Mwisho yule mtu alichoka kumkatalia akawa anampa maikrofoni.

«Alinipatia micro, nikasema tu. Butembo, Butembo, munanisikia? Halafu nikaongea na weye.»

Nilimwuliza aliongea nini. Nilitaka kujua yote.

Alisema alikuwa akiuliza. Aliuliza kama meno yangu ya mbele yameota. Nikafungua mdomo nikamwonyesha, akayagusa kwa kidole. Aliuliza kama ninakula, nikamwambia baba anajua kupika fufu sasa, haina madonge tena. Aliuliza kama nina rafiki shuleni. Nikafikiri, nikasema yuko mmoja, nikamtaja jina. Aliuliza kama baba anacheka. Nikamwambia mara moja, uani. Kila swali alilonitajia nililijibu, moja baada ya jingine, na mashine ya kusaga ilinguruma upande wa pili wa ukuta kiasi kwamba ilibidi tukaribiane ili kusikilizana.

«Na nikauliza, nani anakusuka nywele?»

«Hakuna mutu, mama.»

Nywele zangu zilikuwa zimenyolewa fupi, hazikushikika hata kwa kucha. Alinigeuza hata hivyo, akanikalisha sakafuni katikati ya magoti yake, akapuliza unga kutoka kichwani mwangu, na kwa ncha ya kidole chake akaanza kuchora njia ya kwanza.